Amina Chini ya Ujumbe wa Baba Mkubwa

Jioni ile sikuwa na homa, wala sikuwa nimeonja pombe. Nayasema haya mapema kwa sababu ndiyo ninayoulizwa kila mara. Nilikuwa jikoni kwa mama yangu, kijijini Bashay, simu mkononi, na maneno yalibadilika nikiyatazama.

Baba yangu alipofariki aliacha mke, mabinti tu bila mtoto wa kiume, na shamba la vitunguu saumu bondeni. Uamuzi wa shamba hilo ulikuwa wa baba mkubwa, kaka yake. Katika ukoo wetu, mzee akitoa neno hutikisi kichwa tu. Unasimama unalirudia lote kwa mdomo wako, mmoja baada ya mwingine, ndipo linakuwa neno. Inachosha, niamini. Watoto husinzia.

Lakini baba mkubwa alikuwa amelazwa Mbulu mjini, hawezi kusafiri. Mwanawe, kaka Damiani, akaweka kwenye kundi letu la simu msaidizi wa akili mnemba. Mzee anamwambia kwa sauti, msaidizi anaandika na kututumia. Damiani alisema kwa fahari kwamba msaidizi huyo anaweza hata kurekebisha ujumbe wake akishautuma, ili makosa yasibaki. Nani angekataa?

Ujumbe ukaja: "Shamba la Bashay ni la mama yenu mpaka afe. Asiguswe." Tukajibu kama watu wanavyojibu kwenye simu. Amina. Amina. Amina baba. Hakuna aliyerudia. Mama hana simu, nikamsomea. Yeye peke yake aliweka sufuria chini, akasimama mbele ya moto, akalirudia neno lote kana kwamba mzee yuko mlangoni.

Haukupita muda baba mkubwa akafariki, tukamzika. Simu yake ilizimwa, ikatolewa betri, ikafungiwa kabatini kwa shangazi. Niliiona kwa macho yangu.

Matanga yalipoisha mama akaniambia, "Nisomee tena lile neno, nilale vizuri."

Nikafungua. Nilisoma "Shamba la Bashay ni la", na hapo herufi zilizofuata zikapotea kama majivu yanayopulizwa. Zikaja nyingine: "vijana wa ukoo. Mama yenu atafutiwa pa kukaa." Chini yake, kwa maandishi madogo: umehaririwa. Na chini zaidi Amina zetu zote, zimekaa palepale.

Utaniuliza, mbona sikuupiga picha mapema? Ningewezaje kujua kwamba maandishi yana miguu?

Nikamwandikia msaidizi faragha: nani amekuambia ubadilishe?

"Dada, nimerekebisha kwa maelekezo ya mzee."

Maelekezo ya lini?

"Ya jioni hii."

Unaijua baridi ya Bashay? Ile iliyonipita mgongoni haikutoka nje. Nikageuza simu nimwoneshe mama, na jibu lile nalo lilikuwa limegeuka: "Dada, sijabadilisha chochote. Naomba usome vizuri."

Kwenye kikao cha ukoo mama alisimama akalirudia neno lake. Damiani hakukasirika. Aliinua simu tu.

"Shikamoo mama mdogo. Humu ndani wote tuna ujumbe mmoja. Huo wako uko wapi?"

"Mdomoni mwangu."

"Basi na vitunguu uvipande humohumo!" mtu akadakia kutoka nyuma, na watu wakacheka. Walicheka mbele ya mjane.

"Na hii hapa Amina ya binti yako," Damiani akamalizia. Nilitazama chini.

Baadaye nilimbana pembeni. "Kaka, ni wewe?"

Akaapa kwa kaburi la baba yake. Hata hivyo msimu uleule alipeleka jembe la ng'ombe bondeni. Mpaka leo sijui. Kama alidanganya, angalau nina mtu wa kumchukia. Kama alisema kweli, je?

Mama anaishi nami sasa, chumba cha kupanga nyuma ya duka, huko Dongobesh. Kila asubuhi anasimama ameelekea ukuta, anarudia: shamba la Bashay ni la mama yenu mpaka afe, asiguswe. Wapangaji wenzangu wanadhani anasali. Nimeacha kuwasahihisha.

Nawe unayenisoma, neno la mkubwa wako likikufikia kwa simu, usilijibu kwa Amina. Liandike upya lote, kwa mkono wako, hata kama vidole vitauma na wenzako watakucheka.

Juzi nilifungua tena ule ujumbe. Sasa hata "mama yenu" haimo. Ukiusoma utadhani baba yangu hakuwahi kuoa. Amina yangu ndiyo haijaguswa. Ipo palepale chini yake, na jina langu juu.