Kidonge Changu na Pakiti ya Mafua

Mama yangu hakuwahi kuona haya kubishana na mtu Kariakoo. Alikuwa anasimama mlangoni mwa duka letu la mashuka na mapazia, anamtolea uvivu mteja wa jumla aliyetoka mkoani, watu wanajaa kusikiliza, naye ndiyo kwanza anapaza sauti. Lakini kidonge changu kilimfanya anong'one.

Nilianza kukimeza miaka ile ya ruksa, bidhaa zilipofurika mjini na madaktari wakaruhusiwa tena kufungua kliniki zao. Mmoja wao, mzee wa Kihindi aliyesomea maradhi ya akili ng'ambo, alifungua chumba Upanga, ghorofani. Nilipopelekwa kwake nilikuwa mtu mzima, nimeshafeli kidato cha nne, nimeshaitwa kichwa maji na kila aliyewahi kunishikia chaki. Dukani nilikuwa naanza kupima pazia la mteja, nasikia honi, natoka kuchungulia, huko nje nakumbuka chai, na mteja yuko ndani anaukodolea macho mkasi wangu. Nyumbani walisema ni uvivu. Mzee yule alinihoji asubuhi nzima, akamuuliza mama habari za utoto wangu, kisha akasema mimi si mvivu. Akili yangu ilikuwa na shida ya kutulia juu ya jambo moja, na dawa yake ilikuwapo. Niliteremka ngazi nikilia na sikujali nani ananiona.

Dawa ilinifaa. Nalisema hilo bila kupepesa macho, maana nimechoka kusikia watu ambao hawajawahi kuimeza wakinieleza ubaya wake. Sikugeuka malaika. Ila nilipima pazia mpaka mwisho, nikalikata, nikalikunja, nikamkabidhi mwenyewe.

Yule mzee hakunipa hivihivi. Alinipima presha, akasikiliza moyo, ndipo akatuketisha.

"Hiki kidonge kinaamsha," alisema. "Usikiongezee kingine cha kuamsha."

Akaeleza taratibu, akimtazama mama kuliko alivyonitazama mimi. Dawa za mafua zile zinazozibua pua, niziogope. Kahawa kali nipunguze, mirungi nisiguse kabisa. Siku nikiandikiwa dawa ya presha, ya kifafa au ya sonona, anayeniandikia ajue kwanza ninachomeza, kwa sababu zipo dawa za sonona za zamani ambazo zikikutana na hiki ni hatari kubwa. Na nisianze wala kuacha chochote kwa kusikia ya jirani. "Anayekupa dawa, yeyote yule, mwambie unameza nini. Hata ukiona haya."

Nje mama aliniambia, "Tumesikia. Ila watu wasijue, mwanangu. Watasema una wazimu, na nani atakuja kukuposa?"

Sasa, wakati ule maduka ya dawa yalikuwa yamechipuka kila mtaa, na Kariakoo tulikuwa na desturi yetu. Kila aliyesimama nyuma ya kaunta ya dawa, awe amesoma au ameajiriwa juzi, tulimwita dokta. Unaegemea kaunta, foleni nzima inakupumulia shingoni, unasema, "Dokta, nifungie ya mafua." Yeye hakuulizi kitu. Anachota vidonge vya rangi tofauti kutoka kwenye makopo, anavitia kwenye kifuko kimoja, anakwambia ule kwanza. Hiyo ndiyo pakiti ya mafua, na tuliipenda kwa sababu haikuwa na maswali.

Nilipougua mafua, mama ndiye aliyeifuata. Aliporudi nilimuuliza kama alimwambia dokta kuhusu kidonge changu.

"Nimemwambia kila kitu. Meza upone, mzigo unaingia leo."

Nikameza. Kidonge changu cha asubuhi kilikuwa tayari tumboni, na juu yake nilikunywa kahawa ya tangawizi kwa muuzaji apitaye na birika lake, nipate nguvu ya kupokea mzigo. Haukupita muda mrefu moyo ukaanza kwenda mbio. Mikono ikatetemeka, jasho likanitoka, masikio yakavuma. Nilijaribu kukaa kwenye robota la mashuka nikajikuta sakafuni. Kwa dakika zile niliamini nakufa, na nilikasirika, kwa sababu ndiyo kwanza nilikuwa nimeanza kuishi.

Walionibeba ni jirani yetu wa duka la mbele na mama mmoja wa jumuiya yetu ya kanisani aliyekuwa amekuja kununua shuka. Wakanitia kwenye teksi, wakafuatana na mama mpaka hospitali, wakasimama naye pembeni ya kitanda. Nesi akauliza kama kuna dawa ninayotumia.

Mama aliwatazama wale wawili. "Hatumii," akasema. "Mafua tu."

Nililisikia lile jibu vizuri. Mtu aliyenizaa, aliyeacha duka wazi akanifuata bila viatu, alikuwa radhi nitibiwe gizani kuliko jirani ajue.

"Natumia," nikasema. Alinifinya mguu kupitia shuka. Nikaendelea. Nikataja jina la kidonge, nikataja pakiti ya mafua, nikataja kahawa. Nesi akamwita daktari mara moja, wakanishikilia pale mpaka moyo uliporudi kwenye mwendo wake.

Nyumbani kesi ilikuwa imeshahukumiwa. Mjomba, kaka yake mama, alisema kidonge cha Mhindi ndicho kilichotaka kuniua, kitupwe. Mama akaifungia chupa ya vidonge vyangu kabatini. Nikawaambia wakitaka nikiache, twende wakaseme hivyo Upanga, mbele ya aliyekitoa. Mama alikubali, nadhani alitaka kumgombeza.

"Shikamoo, dokta," nilimwamkia yule mzee, mama akiwa nyuma yangu.

"Marahaba." Alinipima kwanza. Kisha akamwaga juu ya meza vidonge vilivyobaki vya ile pakiti ya mafua tuliyomletea, akavitenganisha kwa kidole. "Hiki kinazibua pua na kinapandisha mapigo ya moyo. Changu nacho kinapandisha. Na kahawa juu yake." Akainua macho. "Mama, yule muuzaji wa dawa ulimwambia anachomeza?"

Mama aliangalia mkoba wake. "Kulikuwa na watu, dokta."

Hakugombezwa. Ningependa agombezwe. Mzee alisema tu kwamba presha yangu imetulia, kwamba dawa naweza kuirudia, na kwamba zaidi ya hapo hana la kuongeza. Jioni mama alifungua kabati, akanirudishia chupa.

Mvua zilipoanza mafua yakarudi. Safari hii nilienda mwenyewe, mama akanifuata. Foleni ilifika mpaka barazani, na yule mama wa jumuiya alikuwa katikati yake. Zamu yangu ilipofika sikuegemea kaunta.

"Dokta, nina mafua," nilisema kwa sauti ya mama yangu, ile ya mlangoni. "Na kila asubuhi nameza dawa ya akili." Nikaitaja kwa jina. "Nipe kitu kisichogombana nayo. Kama hujui, niambie hujui, niende kwingine."

Foleni nzima iligeuka kunitazama. Kijana wa kaunta akairudisha pakiti aliyokwisha kuifunga, akaingia ndani kumuuliza mkubwa wake. Alitoka na panadol, akaniambia hii haina neno, na pua niiwekee mvuke wa maji moto.

Barazani mama alinishika mkono kwa nguvu. "Watu wote wamesikia."

"Nimetaka wasikie, mama. Siku nikianguka tena, hao ndio watakaonibeba, na wewe huenda usiwepo. Ukiwepo, utasema situmii."