Dume Nalo Hupimwa

Asubuhi ile naikumbuka kwa sauti ya baba mkwe, mwanangu, maana uso wake sikuuona. Kwetu sisi Wanyakyusa, zama zetu, baba mkwe na mke wa mwanawe hawakutazamana; akipita, unajificha. Nilikuwa jikoni, hapa hapa Uyole. Yeye alikuwa bandani kwa ng'ombe na mwanawe Ambakisye, mume wangu, na alipaza sauti makusudi ili nisikie.

Nilikuwa nimeolewa miaka kadhaa bila mtoto. Mama mkwe alishaninywesha kila mzizi unaoota milima ya Mbeya, tumbo likawa linanguruma kama lori linalopanda mlima Kitonga. Sasa alikuwa amempata binti wa Ruaha Mbuyuni aje kuwa mke wa pili, na mimi nirudishwe kwetu. Nililia, wee! Mume wangu nilimpenda.

"Mitamba yetu ilipokosa kushika mimba, tulimwita bwana mifugo," baba mkwe akasema. "Alianza kupima nini?"

"Dume."

"Na wewe umepimwa?"

"Baba, mimi nguvu ninazo!"

"Hata lile dume lilikuwa nazo. Lilipanda kila siku. Nenda hospitali na mkeo, ndipo uje kuniambia habari za kuoa tena."

Mwenzenu nikaziba mdomo kwa kanga nisisikike nikicheka.

Tukaenda. Wakatupima. Kwa mume wangu manii yalikuwepo, ila ndani yake hapakuwa na mbegu hata moja. Wakarudia kipimo baada ya wiki chache, majibu yakawa yaleyale. Daktari, mama mmoja asiye na haraka, akampima damu na korodani, akamuuliza ya nyuma bila kumfokea. Kumbe ujanani, alipokuwa utingo wa malori, aliugua kisonono, akanunua dawa dukani, akameza nusu, akaacha alipoona nafuu. Mbegu zilikuwa zinatengenezwa vizuri, njia yake ndiyo iliyoziba.

"Tunaweza kujaribu kuifungua kwa upasuaji," daktari akasema, "lakini mtoto siwaahidi."

Tulipofika nyumbani, mama mkwe alikuwa amekaa na mashangazi wakipanga safari ya kwenda kuposa. Mume wangu hakuketi. "Mama, mwacheni mke wangu," akasema. "Tatizo liko kwangu. Nimepimwa." Akalia mbele yao wote, mwanamume mzima. Mama mkwe akanigeukia, akaniambia, "Pole, mwanangu." Safari ya posa ikafa pale pale.

Upasuaji ulifanyika, tukasubiri zaidi ya mwaka, nikashika mimba. Tulipata mmoja tu, na tulishukuru.

Basi nisikilize, wewe kijana wa jirani uliyeoa juzi. Nguvu za kitandani si ushahidi kwamba mbegu zipo. Mwaka ukipita bila mimba, nendeni wawili, mpimwe wawili. Wapo ambao njia imeziba kama ya Ambakisye. Wapo waliougua matubwitubwi ukubwani, au korodani hazikushuka utotoni na hakuna aliyejali. Wengine wamepungukiwa homoni, na hao huenda wakatibiwa kwa sindano. Na nyie vijana wa kunyanyua vyuma, hizo sindano za kujaza misuli zinaweza kuzima mbegu kabisa, acheni! Siku hizi kuna wanaotolewa mbegu ndani ya korodani kwa sindano, mimba ikatungwa maabara. Wengine hawapati, hata kwa daktari bingwa. Hao nao ni wanaume kamili, na mtoto wa kulea ni mtoto. Mganga wa kichochoroni asikulie hela. Na mkeo usimnyweshe mizizi kwa ugonjwa ulio mwilini mwako.

Mungu akujalie uzao, mwanangu. Na akichelewa kukujalia, akupe kifua cha kusimama mbele ya mama yako na kusema, "Ni mimi."