Siku Tatu Nilizoukalia Ujumbe wa Chuo

Dukani kwangu mteja haondoki na dawa mpaka arudie maelezo. Namweleza, kisha naweka mkono juu ya bahasha na kumwambia, "Rudia nikusikie." Wapo wanaokasirika. Mzee mmoja wa Magamba aliniambia hakuja kufanya mtihani, nami nikamjibu kwamba dawa nayo haina haraka ya kwenda kwake. Alirudia. Mtu akirudia sawasawa, ndipo nainua mkono na kusema, "Haya, nenda sasa." Nimefanya hivyo tangu nilipoacha uuguzi na kufungua duka la dawa hapa Lushoto mjini, na wanaoniita mkorofi wananiita huku wamepona.

Binti yangu alikulia nyuma ya kaunta ile. Alikuwa akifinyanga vidonge vya udongo, anawapanga wanasesere wake mstari mmoja na kuwaamuru warudie. Walikuwa hawarudii, basi anawanyima. Kwa hiyo alipomaliza kidato cha sita akasema anataka kusomea ufamasia, sikushangaa. Nilifurahi mno, na furaha yangu ilikuwa na hila ndani yake. Fundi aliponiandikia kibao cha duka, binti akiwa bado darasa la pili, nilimwambia aache nafasi tupu upande wa kulia. Watu wakiniuliza, nawaambia fundi aliishiwa rangi. Ukweli ni kwamba duka kama langu haliruhusiwi kuitwa famasi bila kuwa na mfamasia, na mimi mfamasia wangu nilikuwa namlea.

Vyuo viwili vilimkubali, kimoja cha Dar es Salaam na kingine cha Mwanza. Anayekubaliwa na zaidi ya kimoja hutumiwa namba ya siri kwa simu, na kwa namba hiyo anathibitisha kwenye mtandao chuo anachokwenda kabla ya siku ya mwisho. Kwangu hapakuwa na la kufikiria. Dar yupo dada yangu, ana chumba kitupu, na ukipanda basi asubuhi unafika jua bado lipo. Mwanza hatuna hata shemeji.

Yeye alitaka Mwanza. Miezi aliyojitolea katika hospitali moja huku milimani alimfuata kila mahali mfamasia mmoja kijana aliyesoma huko, na maneno yake yakamkaa kichwani.

"Kule wanafunzi wanaingia wodini mapema, mama," aliniambia tukihesabu vidonge. "Unasimama na madaktari kando ya kitanda, unaulizwa kwa nini mgonjwa huyu anapewa dawa hii na si ile. Nataka kuwa mfamasia wa wodini."

"Na dukani?"

Alinitazama kwa huruma, na huruma ya mtoto wako inauma kuliko jeuri yake. "Dukani upo wewe, mama."

Tulibishana wiki nzima. Nilimwambia Mwanza kuna joto, kana kwamba Dar kuna barafu. Nilimwambia samaki wa ziwani watamshinda, mtoto ambaye akila samaki anaacha mifupa tu. Baba yake ni mtu wa mashamba, ukimwuliza jambo leo anakujibu kesho. Kesho yake akasema, "Mtoto achague," akarudi kwenye kabichi zake. Nilimnunia siku mbili.

Hatujamaliza, binti akapanda Malindi, kijiji cha huku juu milimani, kumsaidia bibi yake, yaani mama yangu, kuchimba viazi. Ndipo ujumbe ukaingia, Jumatatu asubuhi, kwenye simu yangu. Wakati wa kujaza fomu alikuwa hana simu, akaandika namba yangu. Sasa alikuwa na simu yake, lakini kwa bibi mtandao haushiki mpaka upande mlimani kanisani. Nikausoma ujumbe: namba ya siri, na siku ya mwisho, Ijumaa.

Niliirudisha simu mfukoni na kuendelea kuuza.

Sitajisafisha. Jumatatu nilijiambia nitampigia jioni. Jumanne binti mwenyewe alipanda kanisani akapiga, akauliza, "Mama, ujumbe wa chuo umeingia?" Nikamwambia mtandao huku unasumbua. Mimi, ambaye mteja akinidanganya kuhusu dawa aliyokunywa jana namfokea mpaka wa duka la jirani wanasikia! Alisema, "Haya mama, nakuamini," akaniuliza kama nimekula.

Jumatano nilikwenda mbali zaidi. Neno la kufungulia akaunti yake nililijua, aliliandika mwenyewe nyuma ya kalenda ya dukani. Nikalinakili kwenye karatasi, nikaenda steshenari wanakofanya mambo ya mtandao, nikakaa kwenye foleni. Nilikuwa nimeshapanga na la kusema: nimeona muda unakwisha, mwanangu, nikakuthibitishia Dar. Zamu yangu ilipofika, yule dada wa kompyuta akaniuliza, "Shikamoo mama, tukusaidie nini?" Nikatoa kitambulisho changu nikasema nataka kopi mbili. Mpaka leo kopi hizo zipo kwenye droo na hazina kazi.

Alhamisi akaja mama mmoja na mtoto mwenye nimonia na cheti cha zahanati. Nikampa vidonge vya kuyeyusha kwenye maji, nikamweleza vizuri. Kisha nikaweka mkono juu ya bahasha. "Rudia nikusikie."

"Asubuhi kimoja, jioni kimoja. Nayeyusha kwenye maji safi kidogo, nahakikisha ameyamaliza."

"Umeacha moja."

Alitazama chini. Nilijua ameacha lipi, maana ndilo wanaloacha wote: siku tano kamili, hata mtoto akianza kucheza siku ya pili. Wanapenda kubakiza dawa kwa ajili ya homa nyingine.

"Umelisikia," nikamwambia kwa ukali. "Umeliacha kwa sababu hulitaki. Ni kweli au si kweli?"

"Ni kweli, mama," akasema taratibu, na hakunikasirikia hata kidogo. "Siku tano kamili."

Alipoondoka nilikaa kwenye stuli. Simu ilikuwa mfukoni, kwenye paja, nikausikia uzito wake. Binti yangu alikuwa amenieleza anachotaka kwa Kiswahili chepesi, na mimi nilikuwa nimeyashika yote isipokuwa lile nisilolitaka. Nikafunga duka saa saba mchana, watu wakisimama barazani kushangaa, nikapanda gari la Malindi.

Nilimkuta shambani na bibi yake, jembe mkononi, gauni limejaa udongo. Nilimwamkia mama yangu, binti akaniamkia, kisha nikamkabidhi simu bila kutafuta maneno mazuri.

"Uliingia Jumatatu," nikasema. "Mtandao haukusumbua. Niliukalia. Na jana nilitaka kukuchagulia Dar kwa siri."

Aliusoma. Akainama akachimba mashina matatu ya viazi, akavikung'uta kimoja kimoja na kuviweka kwenye ndoo, na mimi nikasimama kama mwanafunzi aliyechelewa. Mama yangu akanishukia kwa Kishambaa, akaniuliza kama yeye alinificha barua nilipoitwa chuo cha uuguzi, tena wakati huo barua zilikuwa zinapitia kwake.

"Siku ya mwisho ni kesho," binti akasema hatimaye.

"Ndiyo."

"Basi tutashuka wote asubuhi." Sauti yake ilikuwa imekauka. Lakini usiku ule baridi ilipozidi alinisogezea upande wake wa blanketi.

Steshenari, alipofungua akaunti, hakuchagua mara moja. Aligeuza kiti akaniuliza, "Mama, sema wewe mwenyewe unataka wapi. Bila habari za joto."

"Dar," nikasema. "Ili urudi. Nakutaka dukani, mwanangu. Na nafasi ile kwenye kibao ni yako, fundi hakuishiwa rangi."

"Nilijua tangu darasa la tano," akasema, macho yakilengwa na machozi. "Nimekusikia, mama." Kisha akageukia kompyuta akathibitisha Mwanza.

Nililia palepale mbele ya dada wa kompyuta, na nilikuwa nimemkasirikia na kumpenda kwa wakati mmoja, kiasi kwamba sikujua kipi kilikuwa kinanitoa machozi.

Siku ya safari nilimsindikiza mpaka Mombo, kwenye barabara kuu. Miaka yote nilikuwa nimejiona nikisimama pale upande wa magari ya Dar. Tulivuka barabara, tukasimama upande wa magari ya Moshi tukingoja basi la kutoka Tanga kwenda Mwanza, na begi lake lilikuwa zito kwa peasi na viazi vya bibi. Basi lilipotokea alinishika mkono, akaweka wa kwake juu ya wangu, kwa nguvu, kama anazuia bahasha.

"Sikiliza," akasema. "Dawa yako ya presha, kidonge kimoja kila asubuhi, hata kichwa kisipouma. Ujumbe wangu ukiingia, unanijibu siku hiyohiyo. Na mimi usinisubiri dukani. Nitakuja kukuona kila nitakapopata nafasi, lakini kazi yangu itakuwa wodini. Rudia nikusikie."

Utingo alikuwa ameshachukua begi na anatuhimiza.

"Kidonge kila asubuhi, hata kichwa kisipouma," nikasema. "Ujumbe wako nitaujibu siku hiyohiyo."

Hakuinua mkono. Dereva akapiga honi.

"Mama," akasema taratibu, "umeacha moja."

Nilitazama chini, kwenye viatu vyake vipya vilivyokwisha kuingia vumbi la Mombo.

"Nisikusubiri dukani," nikasema.

Akanikumbatia kwa mkono uliobaki mpaka kilemba changu kikalegea. Kisha akainua mkono wake kutoka juu ya wangu, akakanyaga ngazi ya basi na kugeuka.

"Haya," akasema, "nenda sasa."