Kurasa za Msumarini

Juzi mjukuu wangu alinisogezea simu yake karibu kabisa na pua nitazame katuni, na kabla sijajua natazama nini, harufu ikanipanda: mkojo uliolala, chokaa na mende. Kwenye kioo alikuwa anaruka korongo mwenye kofia ya tarishi, sanduku kalining'iniza shingoni. Mtoto anacheka, mimi roho imenichafuka. Nikamwambia aondoe kitu chake mbele yangu. Akaniuliza nimemwona wapi ndege yule, nikamjibu chooni, akadhani namtania.

Nyinyi nitawaeleza. Nilikulia Kariakoo, mimi na mama yangu, nyumbani kwa bibi mzaa mama, nyumba ya ukumbi katikati na vyumba vya wapangaji huku na huku, jiko na choo uani. Ilikuwa miaka ya foleni: sabuni foleni, sukari foleni, unga foleni. Televisheni huku bara haikuwapo. Wakubwa walituambia ni sinema ndogo inayokaa mezani kama redio, na kwamba wenzetu wa Unguja wanayo. Kwa hiyo vitabu vya picha vilivyotengenezwa kutokana na katuni za televisheni tulivifahamu kabla ya televisheni yenyewe.

Vitabu hivyo vililetwa na Baba Bene, mpangaji wa chumba cha nyuma, mtu wa Songea, mpishi wa Wazungu Oysterbay. Watoto wa tajiri wake wakivichoka, yeye anaviokota. Haviokoti avisome. Sisi tulikuwa watu wa kopo na maji. Baba Bene alikuwa mtu wa karatasi, na karatasi ya msalani ilikuwa haionekani dukani. Basi kila asubuhi kabla ya kwenda kazini alichana kurasa kadhaa, akazichomeka kwenye msumari wa ukuta wa choo.

Bibi alilichukia jambo lile mpaka chakula kikawa hakimpiti. "Mtu mzima anajipangusa kama anafuta meza," alikuwa akisema, tena kwa sauti, Baba Bene mwenyewe akiwa pale pale uani anapasi suruali yake. Akasema karatasi zinamjazia shimo. Akasema akimpa mkono lazima akanawe. Mwishowe akampa notisi: mwezi ukiisha, ahame.

Mimi nilikuwa darasa la nne na kurasa zile zilikuwa zimeniteka. Kiingereza sikukijua, lakini picha zilijitosheleza. Korongo anapeleka sanduku kwa mtu anayekaa juu ya mlima, mamba mwenye miwani anamfuata ampore, na ndani ya sanduku mna nini hatuambiwi. Nilichokitaka duniani ni kuliona linafunguliwa kabla Baba Bene hajafunga virago.

Kasheshe ilikuwa mahali pa kusomea. Bibi alishasema karatasi iliyoingia chooni ni najisi, hairudi ndani ya nyumba yake, na Bibi alikuwa na pua ya kunusa hata uongo. Kumwomba Baba Bene ndiyo usiseme. Mtoto wa kike utaanzaje kumwambia baba wa watu mambo ya karatasi yake ya chooni? Nikasomea humo humo. Bati limepata jua, inzi wa kijani wanatua mdomoni, mende wanapunga ndevu zao kwenye tundu, mimi nimejiziba pua kwa ukosi wa sare. Siku moja nilikuta ukurasa umeshatumika lakini haukutumbukia, umenasa ukingoni, picha zimeangalia juu. Sehemu ilikuwa imefunikwa na nilichokuwa sitaki kukijua. Niliinama nikasoma palipobaki. Halafu nikatoka nikatapika kwenye karo, na hata leo nikisimulia mate yananijaa mdomoni.

Choo chetu hakikuwa na komeo. Anayekuja anakohoa, aliyeko ndani anakohoa kumjibu, basi, anangojewa. Nilikohoa sana mwaka ule. Bibi akaamua tumbo langu bovu, akaanza kunichemshia mwarobaini, na kila nikitoka chooni nakuta kikombe kinanisubiri, cheusi, kichungu mpaka masikio yanasisimka. Nilikunywa. Afadhali mwarobaini kuliko kusema nafuata nini mle.

Mwezi ulikuwa ukingoni maji yalipokatika Kariakoo nzima. Pipa letu likakauka, tukawa tunagombea ndoo za mtaa wa pili. Adhuhuri moja nimetoka shule, nikaenda moja kwa moja uani. Msumarini palikuwa na ukurasa mmoja tu, wa mwisho. Korongo amefika mlimani. Amelitua sanduku mlangoni, kamba ameishika mdomoni, anaivuta. Kufunguka kwenyewe kulikuwa upande wa pili.

Nje kikohozi. Kilikuwa cha Bibi, na hakikuwa kikohozi cha kungoja. Nikakohoa. Akakohoa juu yangu, akasukuma mlango wa bati, uso umemkunjamana, mkono umeshika tumbo. Alikuwa amekula pweza wa soko la Feri jana yake. Nikampisha, ukurasa nimeuacha msumarini haujageuzwa.

Alikaa mle muda mrefu. Alipotoka nilijipenyeza, na msumari ulikuwa mtupu.

"Bibi, ile karatasi iko wapi?"

"Nimeitupa," akasema, hanitazami. "Uchafu ule."

Nilimchukia Bibi siku hiyo kuliko nilivyowahi kumchukia mtu. Niliona ndivyo alivyo, hawezi kuvumilia hata kipande cha karatasi cha mtu mwingine. Jioni alikataa kutupakulia, akamwachia mama, akakaa pembeni mikono kaificha ndani ya kanga. Baba Bene alipoingia akatoa shikamoo yake ya kila siku, Bibi akaitikia marahaba kwa sauti ndogo. Kisha akamwambia, "Baba Bene, yale maneno ya kuhama, yaache." Baba Bene akasimama na kapu lake, haelewi. Hata mimi sikuelewa. Aliishi kwetu mpaka nikaolewa, na Bibi hakusema tena neno juu ya karatasi.

Nimekuja kuelewa mwaka jana, utu uzima umeshanikalia. Maji yalikatika nyumbani kwangu, tumbo likanishika ghafla, nikakimbia na kopo bila kulitazama. Lilikuwa kavu. Nilikaa mle natoka jasho, najichukia, nikiomba Mungu mtu asipite. Kwenye dirisha la bafu mjukuu wangu alikuwa amesahau daftari lake la kuchorea. Hapo ndipo nilipomwona Bibi yangu, mwanamke aliyekuwa akinawa hadi kwenye viwiko, kachuchumaa na kopo tupu, anaunyooshea mkono msumari wa Baba Bene.

Nilipotoka, mtoto alikuwa mlangoni na kalamu zake.

"Bibi, ukurasa wangu uko wapi?"

Nikaficha mikono ndani ya kanga.

"Nimeutupa," nikamwambia.