Mbao za Baba Mkwe

Tangu Jumapili sijaweza kumwangalia mke wangu usoni. Watoto waliona boling, mchezo wa kuangusha chupa kwa mpira, kwenye simu, wakaitaka hapa nyumbani Kitale. Mimi, fundi wa kujiita, nikakumbuka mbao za mvule ambazo baba mkwe alileta kutoka Bungoma, akaniambia tu, “Niwekee.” Nikadhani ni mabaki ya ujenzi. Nikazikata zitoshe sebuleni, nikazipaka nta, nikazilaza sakafuni ziwe njia ya mpira, mwishoni nikapanga chupa tupu za soda.

Jumapili mzee akaja, amekonda kwa ugonjwa. Nikamnyooshea mpira kwa madaha. “Baba, hebu angusha chupa!”

Mpira aliuacha mkononi mwangu. Akainama, akazipapasa mbao.

“Mwanangu, hizi nilikuwa nimeweka za jeneza langu. Sasa umezikata fupi hivi, nitatoshea kweli?”