Fremu Kubwa, Jina Lilelile

Mambo ya bastola sikuyatafuta. Yalinikuta nimepiga magoti nikimkausha miguu mzee wa Kizungu, naye juu kwenye kiti akinisomesha habari za fremu kana kwamba nimelipa karo. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu katikati ya miaka ya elfu mbili. Asubuhi natoka Cedar Hill, hapa Texas, nashika barabara kuu kuelekea upande wa Fort Worth, namwogesha mzee, nampikia, namchana nywele chache zilizobaki. Jumapili, Wakristo wenzangu wakiwa kanisani, nilikuwa na zamu katika nyumba ya kulelea wazee. Nilikuwa mchovu wa kudumu. Mume wangu alinitania kwamba hata picha yangu ya pasipoti inapiga miayo.

Nilimwita Mzee. Aliniuliza maana yake, nikamweleza kwamba kwetu hilo ni neno la heshima, akasema basi watu wote wamwite hivyo. Hakuna aliyemwita hivyo ila mimi. Maisha yake yote alikuwa fundi wa vyuma katika kiwanda cha ndege, na alipostaafu akaingia katika mchezo ambao ningesimuliwa nikiwa Kenya ningesema nadanganywa. Watu wazima wenye wajukuu wanavaa kofia pana, buti na vizibao vya wachunga ng'ombe wa zamani, wanakutana uwanjani mara moja kwa mwezi na kupiga sahani za chuma kwa silaha za mtindo wa kale, huku mwamuzi ameshika saa. Kila mchezaji anahitaji bastola mbili, na ziwe za aina ile isiyolia mpaka uvute nyundo nyuma kwa kidole gumba. Kila risasi na mvuto wake. Kidole gumba kikigoma, huna mchezo.

Cha Mzee kilikuwa kimeanza kugoma. Baridi yabisi ilikuwa imeingia kwenye vifundo vya mikono yake, na kiharusi kidogo kikamwachia mkono wa kushoto mzito. Binti yake, mwanamke wa makamo aliyefanya kazi ya ofisi kule Richardson, ndiye aliyeniajiri. Alikuwa amechoka kama mimi, ila uchovu wake ulikuwa na gari zuri. Baada ya baba yake kuanguka bafuni alitaka Mzee auze nyumba, aende kwenye nyumba ya wazee. Wakabishana jikoni mbele yangu, mimi nikimenya viazi na kujifanya kiziwi. Mwishowe Mzee akapiga meza: siku atakaposhindwa kumaliza zamu yake uwanjani kwa mikono yake mwenyewe, nyumba iuzwe na yeye apelekwe popote. Binti akakubali, wakapeana mikono. Tangu siku hiyo hakukosa shindano hata moja. Alisimama nyuma ya kamba, mikono kifuani, akikitazama kidole gumba cha baba yake.

Mimi nilijua alikokuwa akipelekwa, maana nilikuwa nikifanya kazi mahali kama huko kila Jumapili. Nilijua jinsi kiti kinavyogeuzwa kuelekea televisheni na kuachwa. Sikumwambia, lakini niliogopa kwa niaba yake, na kuogopa kwa niaba ya mtu mwingine baada ya kazi nzima ya kutwa kunachosha kupita kazi yenyewe.

Sasa nieleze habari za fremu, maana bila hiyo hamtanielewa. Fremu ni lile umbo la chuma linaloshika mtutu, silinda na mpini, tuseme kiwiliwili cha bastola. Bastola mbili za Mzee zilitengenezwa katika miaka ya tisini, mchezo ulipokuwa unashika kasi. Watengenezaji walichukua fremu yao kubwa, ile ya bastola za kuwindia nguruwe mwitu, wakailainisha kidogo juu ili ionekane ya kale, wakaipa jina la Kihispania lenye maana ya mchunga ng'ombe. Nilimwambia kwamba kwetu ukisema mchungaji watu wanafikiria pasta, naye akasema pasta wake naye angefaa kupiga sahani za chuma. Bastola hiyo ilikuwa imara, nzito, na nyundo yake ilikuwa mbali na kidole. Kwa mkono wa fundi wa ndege haikuwa neno. Kwa mkono wa mzee mwenye yabisi ilikuwa mlima.

Halafu kampuni ikabadilisha. Ikatoa bastola yenye fremu ndogo, karibu na kipimo cha zile za karne ya kumi na tisa, nyepesi, nyundo karibu. Lakini jina hawakubadilisha. Walitia tu neno “Mpya” mbele ya jina lilelile la mchunga ng'ombe. Mzee alikasirika siku nzima, mpaka chai yake ikapoa mara mbili.

“Kitu kikibadilika mwili, kipe jina lingine,” alisema. “Hii si ile. Wananiuzia mgeni kwa jina la rafiki yangu.”

“Mgeni huyo atakuacha nyumbani kwako,” nikamjibu. Nilikuwa nimechoka na sikuwa na subira.

Hakunisikia. Mwezi uliofuata alimaliza zamu yake kwa shida, akivuta nyundo kwa vidole gumba viwili, meno yameuma mdomo. Binti yake akaandika ujumbe kwenye simu yake. Njiani kurudi nilimwambia Mzee kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, nikamfafanulia maana yake, koleo na mhunzi na yote.

“Na mkono wa mhunzi ukivunjika?” akauliza.

Kesho yake, nikimkata kucha, nilimsimulia habari za mwanangu wa kiume wa pili. Kwetu mtoto huyo huchukua jina la babu yake mzaa mama, kwa hiyo mwanangu ana jina la baba yangu. Baba yangu alikuwa mtu mrefu wa kuinama milangoni. Huyu wangu ni mfupi na mwoga wa mbwa. Lakini mama yangu alipokuja kututembelea Texas alimshika mkono pale uwanja wa ndege akamwamkia, “Habari yako, mume wangu?” Mtoto akatoroka, akajificha nyuma ya baba yake akisema, “Mom, tell her I'm eight!” Mama hakuona cha ajabu. Jina limekuja, mtu wake amekuja.

“Na hamsemi mume mpya?” Mzee akauliza.

“Hatusemi. Ni yeye. Mwili tu ndio umekuwa mdogo.”

Alicheka mpaka nikaogopa kumkata kidole. Wiki hiyohiyo tulikwenda duka la silaha, akanunua ile ya fremu ndogo. Ilikuwapo moja tu. Ya pili angepaswa kuisubiri. Alipoivuta nyundo pale kwenye kaunta, kwa kidole kimoja, akaniangalia kwa macho ya mtu aliyerudishiwa kitu. Nami nilifurahi, sitaficha. Nilifurahi kama aliyeponywa ni wangu.

Tangu siku hiyo akaikataa “Mpya”. Kila alipoitaja aliita kwa lile jina tupu, la rafiki yake wa zamani. Binti yake alipopiga simu, alimsikia akisema, “Kama ningepata mchunga ng'ombe wa pili kama huyu, ningepiga mpaka kifo.” Hakuongeza “mpya”, wala “mdogo”. Nilisikia, na nikaona fahari kidogo kwamba desturi yetu imepata makao Texas. Laiti ningejua.

Shindano lililofuata alitumia ile ndogo kulia na mojawapo ya zile kubwa kushoto. Ya kulia ilikwenda vizuri ajabu, sahani zote zikalia. Ya kushoto ilimtesa, akamaliza akitetemeka. Lakini alimaliza, na alipogeuka alikuwa anatabasamu. Nikamwona binti yake nyuma ya kamba ameshusha mikono kutoka kifuani. Sijui kilimwingia nini siku ile. Nadhani ni lile tabasamu.

Siku ya kuzaliwa kwa Mzee alikuja na keki na sanduku. Huyu ndiye mwanamke aliyechukia mchezo huo tangu mwanzo, ambaye kila shindano lililokwenda vizuri lilimwongezea mwezi wa wasiwasi. Aliweka sanduku mezani akasema, “Nimeingia duka la silaha peke yangu, Baba. Nikataja jina kama unavyolitaja. Walikuwa nayo moja kabatini, imetumika kidogo tu.” Alikuwa ameona haya kama msichana.

Mzee alifungua, akatia mkono, akaiinua. Nami nilikuwa nimesimama kando yake na kisu cha keki. Kifundo chake kiliinama. Kidogo tu, lakini nilikuwa nimekiosha kifundo kile kila asubuhi na nilikijua. Ilikuwa ile kubwa. Ilikuwa na jina lilelile, chuma kinang'aa vilevile, lakini ilikuwa fremu ya kuwindia nguruwe.

“Yenyewe,” Mzee akasema. “Yenyewe kabisa. Asante, mwanangu.”

Binti akamkumbatia. Sikumbuki kama niliwahi kuwaona wakikumbatiana kabla ya hapo. Nilikata keki.

Binti alipoondoka nilimvaa Mzee kwa maneno. Nilimwambia irudishwe kesho, wabadilishe, hata kama ni kungoja mwezi. Akasema duka litamtaka aliyenunua, na aliyenunua atajua. Nikamwambia basi ajue, kuna ubaya gani, kosa ni la jina! Nilipaza sauti, na mimi si mtu wa kupaza sauti nyumbani kwa watu.

“Miaka yote ananiambia hapana,” akasema. “Leo ameniletea ndiyo. Unataka nimwambie ndiyo yake ni kubwa mno?”

“Watauza nyumba yako, Mzee.”

“Huenda nikaiweza.” Akaiweka ndani ya sanduku taratibu. “Na nisipoiweza, nimechoka, binti. Wewe ndiye unayejua kuchoka. Usimwambie.”

Nilifika kwangu na hasira. Mume wangu alikuwa anapasha ugali.

“Mama Watoto, si u-call tu huyo daughter umwambie?”

“Amenikataza.”

“Na yeye aki-fail, job yako?”

“Nitapata ingine. Wazee hawakosekani hapa Texas.”

“Sasa unalilia nini?”

Sikujua kwamba nalia. Nilimwambia ni kitunguu, na hapakuwa na kitunguu.

Jumamosi ya shindano kulikuwa na upepo. Nilimfunga Mzee mkanda, nikamwekea ndogo kulia na zawadi kushoto, kwa sababu alisisitiza aitumie mbele ya aliyeileta. Wenzake walimpisha. Ya kulia ililia mara tano, safi. Akairudisha kwenye ala yake, akachomoa ya kushoto, akaweka kidole gumba kwenye nyundo na kuvuta. Haikuja. Akaleta kidole cha pili. Nyundo ikafika nusu ya safari na kusimama hapo, na mikono yake yote miwili ikaanza kutikisika, na mtutu nao. Mwamuzi akamsogelea, akamwambia kwa upole aiteremshe. Mzee akaiteremsha, akailaza mezani, akavua kofia.

Binti yake akapita chini ya kamba akaja mbio. “Ni bastola, Baba? Nimekosea kitu?”

“Bastola ni yenyewe,” akasema. “Ni mkono. La kuvunda halina ubani.”

Alisema kwa Kiingereza chake, bila shaka, na aliisema ovyo, ingawa mimi ndiye niliyemfundisha methali hiyo. Binti hakuielewa. Mzee akaniangalia juu ya bega la binti, nami nikaangalia sahani za chuma.

Alitimiza ahadi. Nyumba iliuzwa kabla ya majira ya baridi. Akapelekwa kwenye nyumba ya wazee, si ile ya zamu zangu, nyingine iliyo nzuri zaidi, yenye maua mlangoni, lakini kiti ni kilekile na televisheni ni ileile. Nikapata mgonjwa mwingine, bibi aliyependa kunipigia kengele. Jumapili moja moja, baada ya zamu, nilikwenda kumwona Mzee hata miguu ikiwa imevimba. Nilimgeuzia kiti dirishani. Tulizungumza kidogo, na mara nyingi sote wawili tulisinzia.

Mara ya mwisho nilimkuta binti yake yupo. Mzee alikuwa amelala mchana huo, mkono wa kushoto juu ya blanketi, kidole gumba kikivuta hewa nyuma, kikiachia, kikivuta tena. Tulikaa tukikitazama. Binti alikuwa amekonda.

“Angalau kitu kimoja nilikifanya sawa,” akaniambia polepole, asimwamshe. “Angalau nilimnunulia ile aliyoitaka.”

Nilikuwa nimechoka sana siku hiyo, kuliko siku zote.

“Ndiyo,” nikamwambia. “Jina lilikuwa lilelile.”