Kopo la Glukosi Shubakani

Nikikaa peke yangu mchana, karafuu zimelala kwenye majamvi uani na nyumba nzima imenyamaza, bado naipata ladha ile: utamu wa glukosi uliochanganyika na ubani. Si mimi niliyekuwa nikiinywa. Nilikuwa naionja tu kabla ya kumpa Bibi, ikanibakia ulimini kama ndoto inavyobakia kichwani mtu akishaamka, huijui mwanzo wala mwisho.

Bibi ni mama yake baba, na ndiye aliyenilea hapa Jadida, mjini Wete. Nimepewa jina la dada yake aliyefariki angali msichana, lakini mwenyewe haniiti kwa jina hilo ila nikikosa. Siku nyingine zote mimi ni mke mwenzake, kwa utani, ingawa huyo babu tunayemgombea nimekuta kaburi lake tu.

Kila mwaka, Shaabani ikikaribia kwisha, wanawake wa ukoo wetu hukutana kwetu kusoma hitma. Kisomo kikimalizika, Bibi huwataja marehemu mmoja mmoja ili wapelekewe thawabu zao. Huanza na watu wa Chokocho, kwao alikozaliwa, akaja nao polepole mpaka Wete, watu wazima kwa watoto wachanga, arubaini na kitu. Karatasi hana. Husema maiti akitajwa kwa ulimi wa anayemjua hugeuka upande kusikiliza. Nilipokuwa mdogo niliwaona kabisa, wakigeuka ndani ya ardhi mmoja baada ya mwengine, kama watu wanaoamshwa alfajiri na mtu mpole.

Nilipofika miaka kumi na nne Bibi akaanza kupotewa na vitu. Alitia chumvi kwenye mchuzi, akakaa kidogo, akatia tena. Alisimama ukumbini na kata mkononi asijue maji ameyaendea ya nini. Na kwenye hitma ya mwaka huo aliwaruka marehemu watatu, mmoja wao mume wa shangazi yangu wa Madungu. Shangazi ni binti yake wa kumzaa. Alilia kimyakimya mpaka sahani zikaondolewa, na wala hakula.

Kwa hiyo mwaka uliofuata Shangazi alikuja mapema, akasema mbele yetu sote kuwa safari hii Mama apumzike, majina yataandikwa na yeye mwenyewe atayasoma.

Bibi alikuwa anachambua mchele. Hakuinua uso.

"Siku nikisomewa karatasi," alisema, "niandikeni na mie humo humo."

Shangazi akavuta ungo akamsaidia kuchambua, lakini nilijua ile karatasi itaandikwa. Na mimi nilijua, kama mtu anavyojua jambo bila kuambiwa, kwamba Bibi akinyang'anywa majina yale ataingia chumbani asitoke tena.

Ndipo likaja somo la ubongo. Mwalimu wetu wa sayansi alituambia kuwa ubongo ni kitu kidogo lakini mlaji mkubwa, chakula chake ni sukari, na hauna ghala: kila saa unataka kuletewa, hata mtu akiwa amelala. Wenzangu walicheka, wakamwambia mmoja wao kumbe ndiyo maana huibi ila kashata. Mimi sikucheka. Nilikuwa naona taa inayofifia kwa kukosa mafuta. Kwa kuwa mimi siwezi kuuliza darasani, sauti hunikauka, niliandika swali kwenye kikaratasi nikakiweka juu ya meza ya mwalimu nikakimbia: je, ubongo wa mzee ukiongezewa sukari, kama taa iliyoongezwa mafuta, utakumbuka? Kesho yake alinirudishia kikaratasi kile kile. Ameandika chini yake kwamba kwa mzee huenda mafuta ya taa yamo, ila utambi umechoka kuyanyonya, na kwamba yeye hajui, na hajui kama yuko anayejua.

Nililisoma neno "huenda" mara nyingi. Mtu akitaka sana, "huenda" humtosha.

Shubakani, katika kishimo cha ukutani tunamoweka vikorokoro, kulikuwa na kopo la glukosi lililobaki tangu kaka yangu alipougua malaria. Tulikuwa pia na chupa ya mafuta ya maini ya samaki kutoka spitali. Nilianza na hayo mafuta. Bibi alinusa kijiko, akaniambia nikayapake bawaba za mlango, zinalia tangu Idi. Glukosi aliikubali kwa sharti moja, iingie kwenye maji yake ya ubani. Ubani aliuloweka kila usiku kwenye kikombe cha udongo, kwani ndio aliokunywa utotoni kwenye chuo cha Kurani, na kwa huo, alisema, alihifadhi juzuu kumi wakati wenzake wanahifadhi fimbo.

Tukawa hivyo kila siku nikirudi skuli. Anakunywa, anajifuta mdomo kwa ncha ya kanga, anafumba macho, kisha anaanza kuwataja marehemu nami nasikiliza. Zilikuwa saa za ajabu. Jua linaingia kwa mianya ya makuti na kusimama sakafuni kama vijiti, na majina yanapita katikati yake. Siku nyingine alifika mwisho bila kukwama, nami nikalitazama kopo lile kwa heshima kama mtu. Siku nyingine alipotea Chokocho kule kule, hata Wete hatukufika, nikamwongezea kijiko.

Sasa niseme nililolificha. Bibi hufunga Jumatatu na Alhamisi za Shaabani, na siku hizo nilikuwa namngojea mpaka magharibi. Jumatatu ya mwisho, hitma imebaki siku nne, niliingia nikamkuta amekaa ananingojea, mkono ameunyoosha, kama siku yoyote. Alikuwa amesahau kwamba amefunga. Mimi sikuwa nimesahau. Jana yake alikuwa amekwama kwenye majina mara tano, na nikaogopa kumkosesha hata siku moja. Nikampa.

Alipofika nusu ya kikombe alisita.

"Leo Jumatatu, mke mwenzangu?"

Nikasema ndiyo, sasa hivi nimekumbuka. Akacheka, akatua kikombe. Aliyekula kwa kusahau, alisema, funga yake haiharibiki, Mungu ndiye aliyemlisha. Alifurahi kweli, kama mtoto aliyepewa zawadi na mgeni mkubwa. Nami nilisimama pale na kopo mkononi.

Ijumaa alasiri wanawake walijaa ukumbini. Shangazi alikaa karibu na mlango, na nikaiona ncha ya karatasi kwenye pindo la kanga yake. Mimi nilikuwa nyuma kabisa, nyuma ya masinia, mahali pangu pa siku zote. Bibi alianza vizuri. Watu wa Chokocho wote walipita. Akafika kwa dada yake, akalitaja lile jina ambalo ni langu, akanyamaza. Akalitaja tena. Akalitaja mara ya tatu, kama santuri iliyokwama, macho yake yakitafuta kitu ukutani. Shangazi akaanza kufungua pindo.

Sijui nilipata wapi sauti ya kuitika.

"Labeka, Bibi."

Vichwa vyote viligeuka. Mimi, nisiyeweza hata kumwamkia mgeni nikasikika.

Bibi alinitazama kwa muda mrefu. "Nakwita tangu lini," alisema. "Njoo ukae hapa."

Wakacheka, wakadhani kweli alikuwa ananiita. Nikapita juu ya miguu ya watu nikakaa ubavuni pake, nikamnong'oneza jina linalofuata. Akalitaja kwa sauti yake ya zamani. Kila alipokwama aliniminya kidole, nami nikamnong'oneza. Tulipomkaribia mume wa shangazi akaniminya tena, na hapo nikanyamaza makusudi. Nilitaka shangazi asikie limetoka kwa mama yake. Pumzi moja, mbili. Nilidhani nimemwangusha. Kisha akamtaja, jina lake na la baba yake, na akaongeza kuwa alikuwa mpenda watoto. Shangazi akainamisha kichwa. Karatasi haikufunguliwa.

Ilikuwa glukosi, au ubani, au kidole changu? Sijui. Siku ya pili nilikuta sisimizi wamelijaa kopo.

Jioni ya kuamkia Ramadhani, watu wakiombana radhi nyumba kwa nyumba, nilipiga magoti mbele ya Bibi nikamwambia habari ya Jumatatu ile, kwamba mimi nilikuwa najua. Akaniwekea mkono kichwani, akasema radhi amenipa. Tukakaa. Baada ya kidogo akaniuliza kwa nini macho yangu mekundu, nimemkosea nani. Nikamweleza upya. Akanisamehe upya, kwa maneno mengine, mazuri zaidi.

Mwezi ulipoandama ukapigiwa kelele huko nje, aliuliza tena nimemkosea nani.